Damu Namba Kumi na Tisa

Maabarani, Tekla alirudia kipimo cha damu mara tatu, kila mara kwa kijiti kipya, na mara zote tatu majibu yalikuwa yale yale.

Kijiti chenyewe kilikuwa chembamba, na nchani kilikuwa na doa la dhahabu lililopakwa kingamwili. Tone la damu likidondoka pale, kingamwili hunasa protini iitwayo tau, ambayo huongezeka mtu anapoanza kuugua ugonjwa wa kusahau. Ikinaswa nyingi, mkondo wa umeme unaopita kwenye kijiti hushuka. Damu namba kumi na tisa iliushusha vibaya.

Nayo ilitakiwa iwe damu ya mtu mzima wa afya. Tekla aliitoa mwenyewe mkononi mwa kaka yake Sankale, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Sombetini. Kanuni za utafiti zilikataza kumwambia mshiriki majibu, maana kipimo kilikuwa bado cha majaribio.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa kaka yake, mtaa wa Olasiti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Majibu yangu vipi?"

"Nimekuja kukusalimu tu."

"Tekla, baba aliposahau njia akapotea, wewe ulikuwa bwenini. Mimi ndiye niliyemtafuta siku nne huko msituni Meru, nikamkuta fisi wameshamla. Usinifiche."

Akamwambia. Sankale aliisukuma chai yake kando.

"Mwezi uliopita nilipotea nikitoka shuleni," alisema. "Njia ya miaka ishirini. Kuna dawa?"

"Ya kuponya, hakuna."

"Basi Nashipae asijue kwanza. Wakwe wakisikia ukoo wetu una ugonjwa huu, hawatamchukua binti yetu Lucky."

"Kaka, mkeo ndiye atakayekuuguza."

"Hadi binti aolewe. Niahidi."

Tekla aliahidi, huku moyo ukimsuta.

Desemba, kwenye sherehe ya kumuaga Lucky, Sankale alisimama kuwatambulisha ndugu kwa wakwe. Aliwataja wajomba na mashangazi bila kukosea. Alipofika kwa bibi harusi alinyamaza, kipaza sauti kikikwaruza.

"Huyu," alisema hatimaye, "ni mtoto wa nani?"

Watu wakacheka. Lucky naye alitabasamu, kisha akamtazama baba yake machoni, na tabasamu likamtoka.

Nashipae hakucheka. Alimgeukia Tekla.

"Wifi, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

Nashipae alimpa kisogo. Alikwenda mbele, akamshika mumewe mkono na kumtoa ukumbini taratibu. Tekla alipoinuka kuwafuata, Lucky alimzuia.

"Shangazi, kaa tu," alisema. "Umeshafanya ya kutosha."