Wa Kwanza Kuingia kwa Santa Eurosia

"Mimi nikishika njia hii ya ziwani, hata mbuzi huniuliza tumefika wapi," Ersilia aliwaambia wanawake wa Corvesca waliokuwa wakijifunga vitambaa vya kichwa mbele ya kanisa. "Hakuna jiwe nisilolijua. Ingawa juzi, tusidanganyane, nilipotea nikienda bandani kwa kuku."

Wakacheka. Ersilia naye akacheka kuliko wote, maana ile ya kuku haikuwa mzaha. Alikuwa amesimama katikati ya ua wake mwenyewe, ukungu umemjaa machoni, akiwaita kuku walie ili ajue banda liko upande gani. Daktari wa macho kule mjini alimwambia, kwa upole wa mtu anayetoa habari mbaya kila siku, kwamba mwaka ujao majira kama haya atakuwa anaona mwanga na kivuli, basi. Ersilia hakumwambia mtu.

Ndiyo maana mwaka huu alikitaka kile kikapu.

Kila sikukuu ya Santa Eurosia watu wa Corvesca hutembea kando ya ziwa hadi kwenye kikanisa chake, kumwomba awazuilie mvua ya mawe isije ikaipiga mizabibu. Si safari ya kumtisha mtu. Njia ni tambarare, na mwenye magoti mabovu hufika akiwa bado na pumzi ya kusengenya. Mwanamke mkubwa kuliko wote kwa umri, maadamu anakwenda kwa miguu yake, ndiye hubeba kikapu cha mkate, na akifika huingia kwanza, peke yake, mlango ukarudishwa nyuma yake kwa muda wa sala moja ndefu. Kikanisa chenyewe hukaa kimefungwa mwaka mzima, kwa kuwa unyevu wa ziwa hula michoro. Wengine wote huingia baadaye kwa kusukumana, wakaimba, wakatoka. Lakini yule wa kwanza huona kitu. Ukimuuliza ni nini, hukwambia, "Ngoja zamu yako." Palmira, aliyekibeba kikapu miaka na miaka, alikufa wakati wa baridi bila kumwambia hata mumewe, na mumewe alikuwa na njia za kuuliza.

Baada ya Palmira, kijiji kizima kilijua, anafuata Carlina.

Kijiji kizima isipokuwa Ersilia. Yeye aliolewa Corvesca akitoka bonde la mbali, na mama mkwe alipomuuliza umri alijipunguzia miaka, kidogo tu, kama mtu anayepunguza chumvi kwenye mboga. Uongo ule ulimkaa vizuri, akauvaa maisha yake yote. Tena akautumia kumchokoza Carlina, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Mpisheni bibi kizee!" angesema sokoni. "Mleteeni kiti bibi yetu!" Sasa bibi yetu alikuwa anatembea mbele na kikapu mkononi, na Ersilia nyuma yake, ulimi umemlala.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia kabisa, limeubeba mlima mzima kichwa chini, pamoja na theluji yake ya kileleni, bila kuumwaga hata kidogo. Ersilia alikuwa ameipita njia hii tangu ujana bila kuitazama, kama mtu asivyoutazama mkono wake. Leo alitazama. Mizabibu ilikuwa imetambaa juu ya nguzo za mawe, na kila jani lilikuwa na tone lake, na kila tone na jua lake. Chini ya ukuta maji yalikuwa ya kijani, mbele kidogo ya buluu, mbali kabisa hayakuwa na rangi yoyote. Yaliishia tu ndani ya mbingu, na hapakuwa na mshono. Alisimama. Moyo ulimpiga kama wa msichana aliyeitwa jina lake na mtu asiyemjua.

"Ersilia, umechoka?" Carlina aligeuka. "Nikubebe kikapuni, juu ya mkate?"

"Naangalia."

"Unaangalia nini? Ziwa? Lilikuwepo jana."

"Jana sikuwa na nafasi."

Wakaingia Montarso, mji mdogo wa kale ambako maandamano hupumzika. Uchochoro wake ni mwembamba hata watu wawili wanene hawawezi kupishana bila kuwa marafiki. Juu ya nyumba ya zamani ya soko kuna saa ya jua iliyochorwa ukutani, na kivuli cha kijiti chake kilikuwa kinasogea juu ya chokaa, polepole, kama kilivyosogea juu ya watu walioijenga na watoto wao na wajukuu wao. Ersilia alikitazama mpaka shingo ikauma. Kisha ukungu ukaja, ukafuta kijiti, ukafuta kivuli, ukakaa, ukaondoka. Hapo akajua kwamba akinyamaza leo, amenyamaza moja kwa moja.

Chini ya matao watu walikuwa wanakula ugali wa mahindi uliochomwa, na jibini. Padri Don Eusebio alikuwa amevua kiatu, anatoa changarawe.

"Carlina," Ersilia akasema. "Kikapu hicho ni changu."

"Una njaa? Chukua ugali."

"Mimi ni mkubwa kwako."

Carlina aliacha kutafuna. "Mkubwa kwangu kwa nini? Kwa mdomo?"

"Kwa miaka. Nilimdanganya mama mkwe, halafu nikawadanganya nyote. Wewe ulipokuwa unanyonya, mimi nilikuwa nakamua."

Chini ya matao watu wakaanza kukumbuka kila kitu kwa mara moja. Carlina akasimama, mwekundu kama nyanya.

"Miaka yote hii! Kiti cha bibi! Shali ya bibi! Pale kwenye harusi ya mwanangu ulinishika mkono kunivusha ngazi, mbele ya watu, mbele ya wakwe zangu, nisije nikaanguka kwa uzee!"

"Ngazi ile ilikuwa mbaya kweli."

"Mwongo mkubwa! Padri, mwongo huyu tumwaminije leo?"

Don Eusebio akavaa kiatu chake bila haraka. "Mama Carlina, nimekaa kwenye kiti cha maungamo tangu nina nywele. Nimewasikia wanawake waliojipunguzia miaka mpaka nikaogopa watazaliwa upya. Aliyejiongezea sijamsikia bado. Mimi naona hili ni kweli."

Watu wakacheka, isipokuwa wawili. Carlina alimtazama Ersilia, na Ersilia, badala ya kujibu kwa utani, alikuwa amekishika kipini cha kikapu kwa vidole viwili tu, kama anayeomba.

"Kwa nini leo?" Carlina akauliza, sauti chini.

"Kwa sababu ni leo."

Carlina akavuta pumzi, akamtundikia kikapu mkononi kwa nguvu. "Haya, tangulia, bibi kizee. Mpisheni bibi yetu! Mleteeni kiti! Nimeanza, na nitaendelea mpaka nikuzike."

Kikanisa cha Santa Eurosia kimekaa mwisho wa rasi, maji pande tatu. Gaudenzio, mtunza funguo, alikuwa ameosha sakafu alfajiri kwa kupapasa, madirisha yakiwa yamefungwa kama desturi inavyotaka, na sasa alikuwa anayafungua mbao zake kwa nje, moja moja. Mlango ukalia. Ersilia akaingia na mkate. Mlango ukarudi nyuma yake.

Mwanzoni aliona juu. Dari yote ilikuwa ya buluu, imejaa nyota za dhahabu, na kati ya nyota watakatifu walikuwa wamesimama na kondoo wao, mizabibu yao, mashua zao. Jua lilikuwa linapiga ziwa nje na kurudi ndani kwa madirisha ya chini, likitetemeka, hata nguo za watakatifu zikawa zinapumua. Hilo pekee lingetosha. Akashusha macho atafute pa kuweka kikapu, na hapakuwa na sakafu.

Mawe meusi ya sakafu yalikuwa bado yameloa, na mbingu yote ilikuwa imo humo. Nyota zilikuwa chini ya miguu yake, mbali, kwenye kina kisicho na mwisho, na watakatifu walisimama kichwa chini wakimtazama kutoka chini kama walivyomtazama kutoka juu. Alikuwa amesimama katikati ya mbingu mbili na mkate mkononi. Ukungu wake ulikuja, akauona ukija, na hapa ndani haukufuta kitu. Ulipita kati ya nyota kama wingu lenye kazi yake. Alielewa kwa nini ni mtu mmoja tu. Wakiingia watu kumi, miguu yao ingeuzima ulimwengu ule wote.

Alisahau kusali. Akavuka polepole hadi altareni, akaweka mkate, akageuka, akatazama tena, akijaza macho kama mtu anayejaza ghala. Akafungua mlango.

Nje jua lilimchoma. Carlina alikuwa mbele ya wote, shingo imerefuka, uso una njaa ya mtu aliyenyang'anywa sahani mezani. Ersilia akamwonea huruma.

"Hujakosa kitu, shoga," akasema, na kupangusa pua kama mtu aliyetoka kununua sabuni. "Ukuta una unyevu, watakatifu wameota kuvu. Mimi hata sikutazama sana. Nimeweka mkate, nimetoka."

Carlina alimwangalia usoni. Kisha akashusha macho taratibu, kifuani, kwenye sketi, mpaka chini kabisa, kwenye mawe ya kizingiti ambako vidole vya miguu vya Ersilia vilikuwa vimejipanga, vyeupe, vimeloa maji.

"Na viatu, bibi," akauliza Carlina, "huko ndani umevivua kwa heshima ya kuvu?"