Upande wa Chiriku

Muuguzi alilitandaza gauni la kijani juu ya meza ya fundi ya kukatia nguo, akajipigapiga kiunoni.

"Shangazi, nimeumuka kama donge la mkate. Jumamosi mdogo wangu anaoa, na hili halipandi hata kwa kuombewa."

"Si ulisema zamu za usiku zinakondesha?"

"Zinakondesha wagonjwa."

Fundi alilipindua gauni ndani nje, na vidole vyake vikajua kabla ya macho. Mishono ile midogo, iliyobanana kama punje za mtama, haikuwa yake. Ilikuwa ya Chiriku, binti wa kaka yake, ambaye yeye fundi alimlea na kumfundisha kazi katika chumba hicho hicho. Binti alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Homa ilimchukua msimu wa mvua uliopita, akiwa na miaka kumi na tisa. Nguo alizoshona zilikuwa zimeondoka na wenyewe. Hili lilikuwa la kwanza kurudi.

Kando ya mshono kulikuwa na akiba ya kitambaa ya upana wa vidole vitatu. Fundi mwenyewe huacha kimoja. Chiriku alikuwa na jibu lake kila alipoulizwa: "Unene haubishi hodi, shangazi."

"Litatanuka," fundi alisema. "Njoo kesho jioni."

Muuguzi alipoondoka, fundi alishika wembe. Hakuwa mtu wa kuamini kwamba marehemu hukaa ndani ya nguo. Uzi ni uzi. Huchakaa, hukatika, hufumuliwa. Aliufumua ubavu wa kushoto kutoka kwapani hadi nyongani. Kisha akageuza wa kulia, akaweka wembe juu ya mshono, na mkono ukagoma. Alikunywa maji, akajaribu tena. Mkono ulikuwa na msimamo wake.

Ndipo akaanza kupiga hesabu ya mwanafunzi mzembe: akiba ya kushoto ni kubwa, ikitolewa yote itatosha pande zote mbili. Aliitoa yote, akashona, akapiga pasi, akalitundika gauni ukutani bila kulitazama sana.

Kesho yake muuguzi alilivaa, likapanda. Mbele ya kioo akatulia. Shingo ya gauni ilikuwa imehamia begani, na vifungo vilivyopaswa kushuka katikati ya kifua vilikuwa safarini kuelekea nyongani.

"Shangazi, nimepinda mimi au kioo?"

"Kioo kizima. Sikufumua upande wa kulia."

"Kitambaa hakikutosha?"

"Kipo. Ni mkono wa Chiriku huo. Mwingine sina."

Muuguzi alijitazama tena. Chiriku alikuwa shoga yake tangu shule.

"Nitalivaa hivi hivi. Nitatembea kiubavuubavu kama kaa, watadhani ndio mtindo."

"Hutoki humu na kazi iliyopinda. Angenitangaza mtaa mzima."

"Angekutangaza kweli. Na chumvi angeongeza."

Alilivua, akajifunga kanga, wakaketi wawili kwenye benchi. Muuguzi alikivuta kitambaa kikakaza, fundi akapitisha wembe. Karibu na kwapa uzi ukakataa. Mshono ulikuwa umepitiwa mara mbili, safu juu ya safu.

"Kushoto hakufanya hivi," fundi alisema.

"Nilimwomba mimi. Nainua wagonjwa kwa mkono huu, nguo zangu zote huchanika hapa kwanza."

"Hakuniambia."

Alilisema taratibu, kwa maana alikuwa na hakika kwamba mtoto yule hakuwahi kubakiza neno. Wembe ulikuwa umesimama.

"Ulipomwomba," aliuliza, "yeye alisema nini?"

Muuguzi alicheka kidogo, akalegeza kitambaa, akaanza kusimulia.