Waliopona

Mwalimu Mkuu alipita na viatu vyake juu ya sakafu mbichi. Mama Chiriku alikuwa amepiga magoti, tambara mkononi, sabuni kali imeshamchubua vidole, akaziona nyayo zile zikijichora mahali alipokwisha kupiga deki mara mbili. Alirudi nyuma kwa magoti, akaanza upya.

"Nataka hapa pang'ae," alisema Mkuu bila kumtazama. "Kesho tuna ugeni mzito."

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Zamani mliwekwa madawati mabovu, na bado kilipakana ukuta kwa ukuta na stoo ya mafagio. Ndani mlikuwa na meza ya duara, viti vinne vya kitoto na vioo vinne vya kusimamisha mezani. Humo ndimo watoto wanne waliokwama kusema walimokuwa wakikutana kila asubuhi na mwalimu mmoja, binti mdogo tu, ambaye shule nzima ilimwita Mwalimu Kioo kwa sababu ya vile vioo. Mshahara wake, viti, vioo, hata rangi ya ukutani, vyote vilitoka kwa wafadhili. Mkuu alitoa chumba, na kwa chumba hicho alishukuriwa kwenye kila mkutano.

Mmoja wa wale wanne alikuwa binti wa mfagiaji huyo. Bibi yake ndiye aliyemwita Chiriku alipokuwa mchanga, maana alibwabwaja kutwa bila kuchoka. Maneno yalipotakiwa kuja yakagoma, na jina likageuka dhihaka. Majirani walicheka. Baba mtu alisema balaa hiyo haitoki upande wa kwao, akafunga mzigo wake akaenda zake, wala hajarudi hata kuuliza kama mtoto ameongea.

Mwalimu Kioo hakucheka. Aliwaketisha watoto wake mbele ya vioo, akawafundisha kuitazama midomo yao inavyofanya, akamzoeza kila mmoja kuweka kiganja mbele ya mdomo ili aihisi pumzi kabla neno halijatoka. "Kwanza upepo," aliwaambia, "halafu neno." Hakuna aliyeharakishwa. Mmoja akikwama, wenzake watatu walingoja nao wameinua viganja, kama watu wanaosukuma pamoja gari lililonasa kwenye tope. Mama Chiriku aliwaona mara nyingi akifagia nje, akajikuta amesahau fagio.

Baada ya kazi ya shule alifua nguo za watu. Jioni moja aliingia nyumbani mgongo umekatika, na Chiriku, aliyekuwa amekaa na bibi yake, akainuka. Akaweka kiganja mbele ya mdomo, akangoja. Mama naye akangoja, mlango wazi nyuma yake.

"Po-le," mtoto akasema. Na baada ya kitambo: "Mama."

Mwanamke mzima alikaa chini sakafuni, mkoba bado uko begani, akalia mpaka bibi akamwambia atamtisha mtoto. Tangu siku ile angekubali kuipiga deki shule nzima kwa ulimi wake, almuradi mwanawe asikose kiti kile. Na Mkuu alilijua hilo vizuri sana.

Ndiyo maana alingoja mpaka sakafu ya chumba kile imekauka, kisha akamwita ofisini na kumweleza mpango. Kesho wale wanne hawangekuwemo chumbani. Vitini wangekaa watoto wengine wa rika lao, wenye ndimi nyepesi, mmoja wao akiwa mjukuu wake mwenyewe. Wale wanne wangewekwa stoo ya mafagio mpaka wageni waondoke, na kwa kuwa walimzoea mama Chiriku, yeye ndiye angekaa nao.

Mama Chiriku aliuliza kwa nini wasionekane wao wenyewe, kwa kuwa ndio wanaofundishwa.

"Mgeni haji kutazama mtoto akihangaika na neno moja mpaka chai ipoe," alisema Mkuu. "Anakuja kuona matunda. Akiyaona, atatujengea jengo zima. Mwanao si atafaidi?"

"Na Mwalimu Kioo amekubali?"

"Mwalimu Kioo ameajiriwa." Alinyoosha kitambaa cha meza. "Kama wewe. Ukuta ule ni mwembamba, mama. Ikisikika sauti moja tu, chumba kimekufa na kiti cha mwanao kimekwenda. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

Asubuhi Chiriku alifika na sare iliyopigwa pasi, nywele zimesukwa upya. Alikaza mwendo kuelekea kwenye kiti chake, na mama yake akamvuta mkono kumpeleka mlango wa pili. Aliwaambia watoto ni mchezo wa kujificha. Mmoja alicheka. Chiriku alimtazama mama yake kama anayeujua uongo, akaingia, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mle ndani mlinuka dawa ya choo, na mwanga ulipenya chini ya mlango tu.

Wageni walipofika, kila kitu kilisikika. Palikuwa na sauti ya mwanamke wa makamo, ya upole, iliyoonekana kuzoea kusikilizwa, na sauti ya Mkuu ikimfuata nyuma imejaa asali. Mwalimu Kioo aliposema, sauti yake ilikuwa imelala kabisa. Aliuliza nani atamkaribisha mgeni. Mjukuu wa Mkuu akafyatuka kama redio: karibu mgeni wetu mpendwa, zamani nilikuwa siwezi kusema hata kidogo, sasa namshukuru Mwalimu Mkuu kwa kunifungua kinywa. Makofi yakapigwa. Mama Chiriku alisaga meno gizani. Mtoto yule alizaliwa na mdomo wazi, na sokoni alikuwa akiwatukana wachuuzi kabla hajajua kuvaa viatu.

Kisha Mwalimu Kioo, kwa mazoea au kwa uchungu, haikujulikana, akasema, "Haya, viganja juu. Kwanza upepo."

Ndani ya stoo mikono minne ikapanda. Hakuna aliyewaambia. Waliisikia sauti ya mwalimu wao wakatii, kila mmoja na kiganja chake mbele ya mdomo, na Chiriku akavuta pumzi ndefu. Mama yake aliijua pumzi ile. Aliruka juu ya mafagio, akamziba mtoto mdomo kwa mkono wake, akamkandamiza kichwa kifuani.

Neno lilikuja. Alilihisi, la moto, zima, likimgonga kiganjani na kuishia hapo hapo. Kwa kuwa hakulisikia, hakujua lilikuwa neno gani. Macho ya mtoto juu ya mkono wake hayakuwa na machozi, yalimtazama tu. Wenzake watatu wakashusha viganja, mmoja mmoja, na hawakuviinua tena.

Mbele ya shule nzima, uwanjani, yule mama mfadhili alivua miwani akafuta macho. Alisema katika maisha yake yote ya kazi hajapata kuona mradi uliokamilisha kazi namna ile. Watoto hawa wamepona, alisema, na kwa hiyo haingekuwa haki kuendelea kuwapa wao huku wenzao wa kwingine hawana hata wa kuwasikiliza. Mwalimu, viti na vioo vingehamishiwa kunakohitajika zaidi. Akamshika Mkuu mkono kwa mikono yake miwili. Watu walipiga makofi. Mkuu naye alipiga, angefanyaje, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza mwiba wa samaki mbele ya wakwe.

Gari lilikuja kabla wiki haijaisha. Mama Chiriku mwenyewe ndiye aliyeamriwa kubeba viti. Alimwomba Mwalimu Kioo aseme kweli, awaambie wafadhili kwamba wale waliosema hawakuwa watoto wake. Mwalimu alikumbatia boksi la vioo, macho yamemvimba, akajibu kwamba wa kwanza kuulizwa atakuwa yeye mwalimu, maana watoto wale ni yeye aliyewakalisha vitini. Akapanda gari bila kuaga.

Basi mfagiaji akaingia ofisini bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwalimu, mpigie simu yule mama. Mwambie hawajapona."

"Nani hawajapona?"

"Unawajua."

"Mimi ninawajua wanne waliosema mbele ya wageni." Mkuu aliegemea kiti. Hata yeye alikuwa na hasira. Jengo lake lilikuwa limeota mbawa, na alikuwa akitafuta wa kummalizia hasira hiyo. "Kama kuna wengine waliofungiwa stoo, tuulize aliyewafungia. Nani alikuwa nao? Nani alimziba mtoto mdomo? Unadhani Mwalimu Kioo hakuona alama za vidole shavuni?"

Mama Chiriku alifungua kinywa. Alikuwa na maneno ya kumtosha mtu yule na ukoo wake wote, yalimjaa mpaka kooni. Mkuu alimngoja kwa starehe.

"Una kazi bado," alimwambia. "Nenda kafanye kazi."

Alienda. Alijichukia, lakini alienda, kwa sababu bibi alikuwa akisubiri dawa na mtoto alihitaji kula.

Siku iliyofuata Chiriku alipelekwa darasa la kawaida, lililofurika mpaka wengine wamekaa sakafuni. Mwalimu wa darasa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa ameambiwa na ofisi kwamba wale wa chumba cha vioo wamepona wote, hivyo asiwadekeze. Mama Chiriku alikuwa akifagia ukumbi wa nje, akaliacha fagio taratibu karibu na dirisha.

"Wewe. Simama utaje jina lako."

Chiriku alisimama. Darasa lilicheka kidogo, kisha likanyamaza kungoja. Akainua kiganja, akakiweka mbele ya mdomo. Akavuta pumzi.

"Tunakusubiri wewe tu."

Upepo ulikuwa ukija. Mama yake aliuona kifuani mwa mtoto, akakunja mkono wake mwenyewe kwa nguvu, ule ule wa stoo. Mlangoni mwa ofisi, mwisho wa ukumbi, Mkuu alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai, akimtazama mfagiaji aliyesimama bila kufagia.

"Umeshapona wewe," alisema mwalimu. "Huu sasa ni ukaidi. Toa mkono mdomoni."

Nje ya dirisha fagio likaanza tena kukwaruza sakafu. Chiriku akageuka kutazama ulikotoka ule mlio, akashusha mkono, akafunga mdomo.