Vunjajungu wa Maingi

Zilibaki siku mbili tu Mukai atume makala yake, na hakuwa akikaa kitako. Ukoo mpya wa vunjajungu, ule watafiti wa wadudu kama yeye wanaouita jenasi! Ilikuwa iitwe kwa jina la marehemu baba yake, Maingi, karani wa reli aliyemfundisha kufunua kila jani. Mama yake kule mtaani Mbotela alishatangaza kanisani.

Mdudu mwenyewe alikuwa mwembamba, wa kahawia, jani kavu tupu hadi mishipa. Alifika Nairobi amejificha kwenye vitita vya miraa kutoka Meru. Aliyemnasa ni Nurto, Mama Ayanle kwa wateja wake, muuzaji wa miraa mtaani Majengo, ambaye vidole vyake havidanganywi na jani lolote. Mwaka uliopita Nurto huyohuyo alimpatia wale wa kijani, wapana, majike watupu, na Mukai akawachapisha kama jenasi yake ya kwanza. Sasa hii ya pili. Nani kama yeye?

Asubuhi hiyo Nurto alimpigia simu aje mbio. Alimkuta amechutama mbele ya jani la mgomba la kufungia miraa, limefunguliwa, wateja wakinung'unika.

"Daktari, hii kitita leo siuzi. Nimekuita uone ndoa."

Mukai akapiga magoti. Yule wa kahawia alikuwa amempanda wa kijani mgongoni, ncha za matumbo yao zimeshikana barabara.

"Mama Ayanle, ulijua hawa ni mume na mke?"

"Sasa nani hajui? Wanakujanga pamoja kila siku."

"Na hukuniambia!"

"Wewe ndiye uliniletea chupa mbili, mwaka jana ya wale wa kijani, mwaka huu ya hawa wa kahawia. Nikasema sawa, daktari anatenga wanaume na wanawake, kama sisi msikitini."

Mukai alicheka mpaka mbavu zikamuuma, kisha kicheko kikamkauka. Kama wa kahawia ni dume la wale wa kijani, basi jenasi ni moja, na sheria ya majina ya viumbe inashika jina lililotangulia kuchapishwa. La baba halina pa kukaa.

Nurto alimwona uso. "Kuna shida? Niwatupe? Hakuna mtu ameona."

Mukai akainama tena juu ya kitita. Ndipo dume likaanza kuyumba taratibu, kama jani kwenye upepo, na upepo wenyewe haukuwepo. Jike nalo likayumba likilifuata.

"Ngoja," alisema, akatoa daftari.

Alichora kwa saa mbili, kisha akampigia mama yake.

"Mama, lile jina la Baba halitatoka. Nilikosea."

"Umeona kwa macho yako?" mama aliuliza.

"Nimeona. Nimekaa nao saa mbili."

"Hivyo ndivyo angekuuliza yeye," mama alisema. "Haya, nieleze. Huyo mume anajigeuzaje jani?"

Mukai akalia hapo hapo mbele ya wateja wa Nurto, kisha akajifuta machozi akaanza kueleza.