Joko la Clement

Enid Hopwood alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kopo la majivu ya mumewe Clement mapajani, akimtazama Seth Birtles akihangaika na injini. Ilijaa meza nzima, garimoshi dogo la mvuke ambalo Clement aliliunda kwa mikono yake.

Desturi ya chama chao cha waunda injini ndogo ilikuwa moja. Fundi akifa, majivu yake hutiwa katika joko, chumba cha moto cha injini yake, ikiwa mbioni, moshi ukamchukua. Zamu ya Clement ilikuwa Jumapili, na dereva ni Seth.

"Itawaka, shemeji?" Enid akauliza.

"Kuwaka inawaka. Mvuke ndio haukai."

"Isipokwenda?"

"Atatiwa kwenye injini ya Gilroy, mwenzetu wa chamani."

"Gilroy! Clement alikuwa akisema ile ni birika lenye magurudumu. Atafufuka aje kutupiga makofi."

Seth akaikagua injini. Valvu zilikuwa nzima, mabomba mazima. Akaijaza boila, tangi la mvuke, maji baridi mpaka juu, akapiga pampu ya mkono. Mshale wa geji ya shinikizo ukapanda, ukatulia kidogo, kisha ukaanza kurudi. Maji yalikuwa yanatoka mahali. Akaingiza kioo na tochi ndani ya joko. Kwenye vichwa vya misumari ya shaba inayoshikilia kuta, maji yalikuwa yakichuruzika kama machozi.

Akakwaruza kwa kisu. Kisu kikazama kama kwenye jibini.

Boila hufungwa kwa lehemu ya fedha, ngumu. Hii ilikuwa lehemu ya risasi, laini, ya mafundi bomba, imedondoshwa tone juu ya tone kama nta ya mshumaa. Clement mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwatukana watu kwa kosa hilo. Ukishapaka risasi, lehemu ya fedha haishiki tena. Ukiwasha moto mkali, inalegea, na mvuke unamlipukia dereva usoni. Boila hiyo imekwisha.

Na mjane huyu alikuwa bado akiwaambia watu kwamba mikono ya mumewe haikutetemeka mpaka siku anakufa.

"Nimeiharibu mimi," Seth akasema. "Nimeipasha moto kupita kiasi. Nisamehe."

Enid akautazama mtungi wa gesi ya kuchomelea ukutani, umefunikwa vumbi.

"Muongo mkubwa. Umeipasha na nini, pumzi yako?"

Seth akafuta kisu kwenye suruali.

"Mimi ndiye niliyemshika kiwiko akiitia risasi, Seth. Mkono ulikuwa unaruka kama kuku aliyechinjwa. Akalia. Akaniambia, Seth asijue."

"Angeniletea mimi."

"Wewe? Ungemtangaza kwa chama kizima."

Ni kweli, angemtangaza.

"Kwa hiyo haiwezi kuwashwa," Enid akasema.

"Haiwezi, shemeji. Itaua mtu."

Enid akainuka, akafungua kimlango cha joko. "Nipe koleo lako dogo la makaa."

"Hakuna moto humo."

"Najua hakuna moto. Kwa Gilroy haendi."

Akamtia mumewe humo, koleo kwa koleo, mengine yakimwagika mezani. Majivu yakakutana na maji yaliyovuja, yakawa tope. Alipomaliza akafunga kimlango, akafuta mikono kwenye koti, akatoka bila kuaga.

Seth akang'oa geji na valvu za usalama, asije mtu akaiwasha, akazitia mfukoni.

Jumapili wanachama walisimama kando ya reli, kofia mkononi, wakimngoja Clement. Gilroy alizunguka peke yake, bila majivu, na injini yake ilivuta vizuri sana.