Jumatano za Mama

Mama yangu hakuwahi kunidanganya, au ndivyo nilivyoamini hadi mwezi wa saba wa mwaka ule aliotimiza miaka sabini na tisa.

Habari nilizipata kwa Bi Kinuyo, mwenye duka la sigara mkabala na nyumba ya mama. Aliniuliza kama magoti ya mama yamepona, maana siku hizi kila Jumatano asubuhi hutoka na mwavuli wake wa jua, yeye na mwanamke mmoja, na kurudi alasiri amewiva kama kaa aliyechemshwa.

"Mwanzoni nilidhani ni wewe umekata nywele," akasema. "Kisha nikaona huyo ni mwembamba."

Nilicheka, lakini moyo haukucheka. Mimi nafanya kazi jikoni kwenye duka la tambi karibu na kituo cha treni, na kila jioni nikimaliza kuosha masufuria humpigia mama simu. Jumatano zote hizo alikuwa ameniambia kitu kilekile: joto lilikuwa kali, hakutoka, aliwasha kiyoyozi akalala.

Wakati wa kiangazi mjini kwetu Takamatsu, gari la polisi hupita mitaani na kipaza sauti likiwaonya wazee wajihadhari na watu wasiowajua wenye maneno matamu. Mwenzangu wa jikoni alikuwa na shangazi aliyepelekwa kuoga kwenye maji ya moto mara nne na mwanamke mpole sana, na mara ya tano shangazi akamkabidhi hati za nyumba. Hadithi hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi nikiukanda unga, bila kuitia maanani. Sasa ikawa hainitoki kichwani.

Jumapili nilikwenda kwa mama, na wakati yeye anakata matango mimi nikapekua nyumba. Muhuri wa jina lake, ule ambao ukigongwa kwenye karatasi huwezi kukana tena, ulikuwa kwenye droo yake. Hati za nyumba zilikuwa ndani ya kopo la biskuti. Hakuna kilichopungua. Lakini mlangoni, nyuma ya viatu, niliona wavu mpya wa kukamatia nyenje, wa aina ile wanayokimbia nayo watoto bustanini. Bafuni kulikuwa na taulo mbili za kuogelea zimeanikwa. Kwenye mkoba wake nilikuta vipande viwili vya tiketi za bwawa la manispaa, na mama hakuwa ameingia bwawani kwa miaka thelathini.

Kisha nikafungua kabati la chumba chenye madhabahu ya kumkumbuka marehemu baba, nikakuta albamu ya buluu haipo. Ndiyo albamu ya picha zangu za utotoni, za likizo za kiangazi, ambazo karibu zote alizipiga baba.

Nilimuuliza iko wapi. Akasema ameianika nje itoke ukungu.

Mama yangu hawezi kuanika picha juani. Ni yeye aliyenifundisha kwamba jua hula picha.

Usiku huo nilimsimulia mume wangu. Akasema matapeli wa sasa hujifunza kwanza habari za familia, majina, safari, utani, ili baadaye waweze kuzungumza kama ndugu. Nililala macho wazi, nikimwona mtu nisiyemjua ameinamia picha zangu na kukariri meno yangu yaliyong'oka.

Jumatano iliyofuata niliomba ruhusa kazini. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshaketi dukani kwa Bi Kinuyo nyuma ya rafu. Alinipa chai baridi ya shayiri, akanivisha kofia yake pana na kunishauri nifunike pua na mdomo, akifurahia jambo hilo kuliko nilivyotaka. Saa tatu yule mwanamke akatokea. Alikuwa wa miaka arobaini na kidogo, nywele fupi, begi mgongoni. Aliinama getini, akachukua mfuko wa mama bila kuambiwa, na mama akamshika mkono kwenye kiwiko. Kilichoniuma ni jinsi mkono wa mama ulivyokwenda pale kwa mazoea.

Niliwafuata hadi kwenye treni, kutoka treni hadi bandarini. Walipanda boti ya kwenda kisiwa cha Megi, safari ya dakika ishirini. Wao walikaa sitaha ya juu kwenye upepo; mimi nikajibanza chini pamoja na magari na harufu ya mafuta. Nilimsikia mama akicheka huko juu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomchekesha namna hiyo.

Ufukweni watu walikuwa wengi, watoto wamejaa mchanga hadi masikioni. Mama alinunua barafu mbili za kukwaruza, moja ya sharubati nyekundu, nyingine ya kijani. Walikula chini ya mwavuli bila haraka. Halafu mama akaiweka yake kando, akafungua ule mfuko na kutoa albamu ya buluu.

Akaifungua. Akaitazama misonobari mitatu iliyokuwa nyuma yao, akamtazama yule mwanamke, akaashiria asogee kushoto. Mwanamke akakunja suruali, akaingia majini hadi magotini na kusimama na boya la mpira kiunoni, mtu mzima wa arobaini na kitu, akitabasamu kwa aibu. Mama akainua simu na kumpiga picha.

Picha ile ninaijua. Nina miaka sita, misonobari mitatu nyuma yangu, boya kiunoni, na mbele sina meno.

Sikuweza tena kujificha. Nilitembea mchangani hadi mbele ya mama nikamzibia mwanga.

Hakushtuka. Aliniangalia kutoka chini hadi juu.

"Vua hicho kitambaa usoni, utakufa kwa joto," akasema. "Na hiyo kofia ni ya Kinuyo."

"Mama, huyu ni nani?"

Mwanamke alikuwa ameshatoka majini. Aliinama mbele yangu, akabaki ameinama, maji yakimchirizika miguuni, boya bado liko kiunoni.

"Anaitwa Misuzu," mama akasema. "Baba yake ni baba yako. Kaa chini."

Sikukaa. Nilimuuliza nani kamwambia maneno hayo, huyu huyu mwenyewe? Mama akasema hakuna aliyemwambia, aliona kwa macho yake. Kisha akanisimulia, kwa sauti ileile anayotumia kueleza jinsi ya kutia chumvi kwenye matango.

Baba yangu, Yasutaro, alikuwa fundi wa injini kwenye feri za kwenda Uno, bandari ya ng'ambo, enzi zile zilipokuwa zikivuka mchana na usiku. Mwaka niliotimiza miaka kumi mama alianza kumtilia shaka. Siku moja aliniacha kwa Bi Kinuyo, akapanda feri ya baba bila baba kujua, akajificha kati ya abiria. Upande wa pili, gatini Uno, kulikuwa na kibanda cha vyakula. Mwanamke wa kibanda hicho alikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili hivi. Baba alishuka, akachuchumaa, akamfunga mtoto kamba za kiatu, akamwambia neno, akatazama saa, akarudi kwenye feri. Basi. Mama alirudi kwa feri hiyohiyo na hakumwambia baba chochote, siku hiyo wala siku nyingine, hadi alipomzika.

"Nilijiambia nitasema kesho," akasema. "Halafu ikawa miaka."

Yule mwanamke wa kibanda alikufa mwaka uliotangulia. Majira ya machipuko Misuzu alimwandikia mama barua, akaomba picha moja ya baba yake, kwa kuwa hakuwa na hata moja. Mama alikaa na barua hiyo wiki mbili. Alipoifungua albamu ili achague picha, aliona baba mwenyewe hayumo, maana ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera. Aliona mimi tu: mimi bwawani, mimi na wavu wa nyenje, mimi nikila barafu.

"Wewe alikupeleka kila mahali," mama akasema. "Huyu alimpa nusu saa, feri ikipakia magari. Hakuwahi kumpeleka popote. Sasa mimi nampeleka. Tunafuata kurasa."

Nilimgeukia Misuzu. Nilimuuliza ana ushahidi gani, kwa sauti ninayotumia kwa wanaotuletea unga mbovu.

"Sina, dada," akasema, kisha akajisahihisha haraka. "Samahani. Sina, Bi Kanae. Mama hakuniachia karatasi hata moja. Kama mnataka nisije tena, nitapanda boti inayofuata."

"Haendi mtu," mama akasema. "Kanae, barafu yangu nusu hii, kula, inayeyuka."

Sikuila. Nilifikiri kwamba tapeli mwerevu angejibu hivyohivyo, kwa upole uleule, na angekuwa tayari kuondoka kwa haraka ileile ili abembelezwe abaki. Tulirudi mjini boti moja, sisi watatu kwenye benchi moja, mama katikati. Jioni hiyo nilichukua muhuri na kopo la biskuti, nikamwambia mama wazi kwamba navipeleka kwangu.

"Chukua," akasema bila kugeuka. "Chukua na sufuria."

Kwa wiki mbili tuliongea kwenye simu mambo ya hali ya hewa. Kwa kweli sikujua ni kipi kilichonichoma zaidi. Ikiwa mwanamke yule ni mwongo, basi mama amenaswa. Ikiwa ni mkweli, basi baba aliyenibeba mabegani kwenda kutazama fataki alikuwa na mtoto mwingine upande wa pili wa maji, na hakumbeba. Nilijikuta naomba awe mwongo.

Katikati ya mwezi wa nane ikafika siku ya kuwapokea marehemu nyumbani. Mama alikuwa amechonga farasi wa tango na ng'ombe wa biringanya, vipando vya marehemu vya kuja na kurudi, akaviweka mbele ya picha ya baba pamoja na pichi na tambi baridi za soba. Misuzu alikuwepo. Sikuwa nimeambiwa, lakini nilikuwa nimekisia, na nilikuja hata hivyo, na macho yangu yakiwa kazini. Nilitazama kama anaangalia makabati. Nilitazama kama anauliza nyumba ni ya nani.

Alipiga magoti mbele ya picha, akawasha ubani, akaiangalia picha kwa muda mrefu sana, kichwa akikiinamisha kidogo upande mmoja kama mtu anayejaribu kusikia. Halafu akanigeukia mimi, si mama.

"Sauti yake ilikuwaje?" akauliza. "Mimi ninakumbuka honi ya feri tu. Alipokuwa anaongea, honi ilikuwa inalia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, lakini si hilo. Kama ni uongo, nilijiambia, ni uongo wa kitu gani? Anataka kuiba sauti? Nilijibu kwa ufupi kwamba ilikuwa nzito, na kwamba kwa ajili ya injini alizoea kupayuka hata nyumbani, mpaka majirani walijua kila siku tunakula nini. Mama akasema ni kweli, Kinuyo alikuwa anaanza kupika chakula chetu kabla yetu. Misuzu akacheka, kisha akafunika uso kwa mikono miwili na hakuiondoa kwa muda. Mama akaendelea kumenya pichi. Mimi nilitoka uani kuangalia kitu ambacho hakikuwapo.

Ilibaki safari moja ya albamu, ya mlima Yashima, mahali ambapo watu hurusha visahani vya udongo kutoka ukingoni ili kutupa mikosi. Lakini daktari alikuwa amemkataza mama kupanda popote hadi joto lipungue. Alinipigia simu kazini, jambo asilolifanya kamwe, na kuniambia Misuzu anakuja Jumatano na hana wa kwenda naye. Nikamuuliza kwa nini asingoje vuli. Akasema mtoto hapelekwi likizo ya kiangazi wakati wa vuli.

Nilikwenda. Tulipanda basi hadi juu na kutembea chini ya miti, nyenje wakilia mpaka tukawa tunasemezana kwa kelele. Kule ukingoni, mji wote uko chini yako na visiwa vimetapakaa baharini. Misuzu aliuliza Uno ni upande gani. Nikamwonyesha.

Alirusha kisahani chake cha kwanza kikaangukia kichakani hatua tano tu mbele. Changu nacho. Tulinunua vingine. Wakati wa kungoja zamu nilimwambia jambo ambalo albamu haikulionyesha: kwamba kwenye matembezi yale baba alikuwa akilala. Akishapiga picha, alikuwa anajinyoosha kwenye benchi na kukoroma kwa uchovu wa zamu, nami nilikaa kando yake saa nzima nikifukuza mbu na kumchukia.

"Kweli?" akauliza, na uso wake ukawa na kitu kama nafuu.

"Kila mara. Ulikosa kukoroma kwingi."

Siwezi kusema kwamba ninamwamini kabisa. Siku nyingine bado naamka nikijiuliza mama aliona nini hasa pale gatini, kwa umbali ule, na hasira ile. Muhuri bado uko kwangu. Lakini tulipokuwa tukishuka mlima kwa basi Misuzu aliniuliza, akiangalia dirishani, kama anaweza kuja na wakati wa baridi pia, ingawa kurasa zimekwisha. Nilimwambia wakati wa baridi hapa hakuna pa kwenda, watu hukaa tu ndani na kula tambi za moto.

"Basi nisije?"

"Nimesema watu hula tambi," nikamjibu. "Njoo ule."