Funza Mia Tatu na Sitini

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, fundi wa kompyuta wa hospitali alitia uzi kwenye sindano ishirini na kuzichoma kwenye kipande cha sponji, za uzi mweusi kushoto, za uzi mweupe kulia. Zilikuwa za shangazi yake, mshonaji, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Jicho la kushoto la shangazi lilikuwa limeshakufa. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na daktari alisema wazi: likipasuliwa kabla mwezi wa sita haujaisha, litaona. Likichelewa, basi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Leo mimi ni wa ngapi?"

"Wa kumi na mbili."

"Mwezi uliopita nilikuwa wa tano."

"Foleni ilianza upya."

"Tena," alisema shangazi, akapapasa sponji kuzihesabu sindano zake.

Kazini, mfagizi alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa chumba cha seva. Funza walikuwa wakitoka kwenye matundu ya mashine, weupe, wanene, wenye utelezi, mmoja kila dakika nne. Walidondoka sakafuni, wakajikunja, wakajinyoosha, wakaanza safari ya kwenda kantini. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu. Walinuka kama nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki. Ofisi ya jirani ilinunua dawa ya kupuliza yenye harufu ya ndimu, kwa hiyo sasa korido nzima ilinuka nyama iliyooza yenye ndimu, na watu walipita humo na vikombe vyao vya chai wakijifanya hamnazo.

"Tangu jana saa hizi ni mia tatu na sitini, dada," mfagizi alisema. "Nimewahesabu. Kufagia sikatai, ndiyo kazi yangu. Ila wanakwama kwenye soli."

"Pole na kazi, mama."

Fundi alifungua logi. Kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya ndani kabisa inayozigawia nyingine zote memori, kilikuwa kimeandika kwenye daftari hilo la mashine onyo lile lile mara mia tatu na sitini: kuna anayeomba memori kupita kiasi. Onyo moja, funza mmoja. Hesabu ilikubali, na fundi akafurahi kidogo, maana sasa alijua pa kuanzia.

Saa tano alikuwa ameshampata mwombaji. Ilikuwa programu ya kuonyesha picha ya Mkurugenzi kwenye skrini za kumbi za kusubiria. Mahali pa kuandika ukubwa wa picha, mtu aliambiwa aweke kubwa kabisa, naye akabonyeza tisa na kuacha kidole hapo hapo mpaka mstari ukajaa. Programu haikujiuliza kama ukubwa huo upo duniani. Ilibeba tisa zake zote ikaenda kuomba. Ikikataliwa, iliomba nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka ipate. Siku nyingine ilipata bila kumsumbua mtu. Siku nyingine ilibidi programu nyingine ifukuzwe, na mashine ilifukuza ile isiyo na mtetezi, ambayo ni ile ya foleni ya upasuaji. Foleni ikirudi, ilikuwa imesahau nani alitangulia, ikawapanga wagonjwa ilivyojisikia.

Na picha yenyewe haikuwahi kutosheka. Skrini zilikuwa nyeusi tangu siku zilipotundikwa. Wagonjwa walikaa chini yake kutwa nzima, na hakuna aliyeuliza.

 

Aliandika mstari mmoja: ukubwa ukizidi kiasi hiki, kataa. Akaupeleka kwa mkuu wa kitengo, ambaye watu walimwita Shwari kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Shwari alisoma taratibu, huku akimsukuma funza mmoja kwa rula atoke juu ya meza.

"Kwa hiyo hapa picha ya Mkurugenzi inakataliwa."

"Haijawahi kuonekana, bosi. Hata siku moja."

"Haijaonekana, lakini haijakataliwa. Usichanganye mambo." Aliifuta rula kwa karatasi. "Alhamisi wageni wa wizara wanakuja. Mimi nitolee funza tu. Hakuna namna ya kukiambia hicho kiini kisiandike onyo?"

"Ipo. Ni neno moja. Lakini tatizo litabaki pale pale."

"Libaki, ila lisinuke."

"Foleni ya macho inavurugika, bosi. Shangazi yangu yumo."

"Wa ngapi?"

"Wa kumi na mbili."

"Shwari," alisema Shwari, akavuta kibodi, akaandika. "Sasa ni wa kwanza. Kesho asubuhi anapasuliwa. Haya, kaweke hilo neno."

Uchafu wenyewe ndio huo, wala hauhitaji funza. Watu kumi na mmoja walisogezwa nyuma kwa kidole kimoja, na fundi aliwaona kwenye skrini wakishuka, kila mmoja hatua moja: dereva, mwalimu, mama wa watoto wanne. Angeweza kusema hapana. Alifikiria zile sindano ishirini. Akarudi mezani kwake, akaweka neno, akatia sahihi.

Saa nane kamili funza wa mwisho alidondoka. Mfagizi alisubiri dakika nne, akasubiri nyingine nne, kisha akachukua ndoo yake akaenda zake. Shwari alikuja mwenyewe kunusa, akampiga fundi begani.

 Kitu laini kilikuwa kimejigeuza chini ya ulimi wa fundi. Alikitema kwenye karatasi, akakitambua, akatazama saa. Dakika nne baadaye akatema mwingine.

Kesho yake shangazi alifika hospitali na nguo safi na tumbo tupu, kama alivyoelekezwa. Mhudumu wa mapokezi alimwambia yeye ni wa tisini na nne.

Fundi alifungua logi. Ilikuwa nyeupe pe, ungesema mashine ile haijaugua tangu izaliwe. Akaenda kwa Shwari.

"Foleni imefukuzwa tena. Naomba umrudishe pale ulipomweka."

"Binti, nimeshakusaidia mara moja," Shwari alisema kwa upole. "Unataka watu waseme hapa tunapendeleana?"

Siku ya Alhamisi wageni walipita, wakausifu usafi wa chumba cha seva. Mmoja aliuliza mbona skrini ni nyeusi, akaambiwa picha inakuja, akaandika hivyo kwenye daftari lake.

Mfagizi alimletea fundi mkebe. "Una mfuniko, dada. Hautanuka sana." Kazini walizoea. Ukizungumza naye unanyamaza kidogo, anatema, anafunika, mnaendelea. Kila jioni mfagizi aliuchukua mkebe na kuumwaga pamoja na taka nyingine.

Mwezi wa sita uliisha shangazi akiwa wa saba. Baada ya siku tisa akaitwa. Daktari alimulika jicho kwa tochi, si kwa muda mrefu, akasema pole, mama. Wakatoka, wakakaa kwenye benchi la ukumbini kupumzika.

"Sindano usinitilie tena uzi," shangazi alisema. "Zitafutie mwenye kazi nazo."

"Nitakutilia."

"Haya." Shangazi aliinua uso kuelekea ukutani. "Mwenzangu mmoja hapa foleni aliniambia pale juu kuna picha ya mkubwa wenu. Mimi nilipokuwa naona, niliona weusi mtupu, nikajua ndiyo macho yangu yameshakwenda, nikaona haya kuuliza. Ipo?"

Dakika nne zilikuwa zimetimia. Fundi alifungua mkebe, akatema, akafunga.

"Ipo, shangazi."

"Ametoka vizuri?"

"Shwari," alisema fundi.

Shangazi akaitikia kwa kichwa, akakaa vizuri, akaitazama.